Baiskeli kando ya Gironde: tathmini ya huduma ya barabara tulivu kwa msafiri wa Nyanda za Juu Kusini

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kukodi baiskeli na kupewa njia iliyokwisha kupangwa, bila kiongozi wa kufuatana nawe, katika mashamba ya mizabibu na vijiji vilivyo kando ya mlango wa mto Gironde, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mteja hulipia baiskeli, ramani ya karatasi, njia hiyo hiyo ikiwa ndani ya programu ya simu, malazi katika nyumba ndogo za wageni, na gari la kuhamisha mizigo yake kutoka nyumba moja hadi nyingine wakati yeye yuko barabarani. Kampuni zinazotoa huduma ya namna hii katika eneo hilo ni kadhaa na taratibu zao zinakaribiana, kwa hiyo ninachokipima ni huduma yenyewe, na si jina la kampuni. Ninaandika nikiwa Mbeya, nikiwafikiria hasa wenzangu wa hapa, wa Tukuyu, Mafinga, Njombe na Iringa, ambao hupanda baiskeli kwa mapenzi na ambao huniuliza kama safari ya mbali kiasi hicho inastahili nauli yake na usumbufu wa kuomba viza.

Inastahili, na sababu yake si mvinyo wala majumba ya kifahari, ambavyo ndivyo matangazo ya utalii huvitanguliza. Sababu ni barabara. Mtu aliyepanda baiskeli kutoka Uyole hadi Mbalizi anajua kwamba nusu ya akili yake hubaki nyuma ya mgongo muda wote, kwa kuwa barabara kuu ya TANZAM inabeba malori ya Tunduma, mabasi ya Dar es Salaam, daladala, bajaji na bodaboda juu ya lami ile ile, na lori likipiga honi huwa na maana moja tu, yaani shuka pembeni. Kando ya Gironde akili hiyo hurudi mbele, kwenye mizabibu, kwenye maji na kwenye mazungumzo na mwenzako, na hapo ndipo mtu hutambua kwamba uchovu anaoupata nyumbani baada ya mwendo mfupi hutokana zaidi na hofu kuliko kazi ya miguu.

Utulivu huo haukujitokeza wenyewe, na ni katika kuutafuta ndipo kampuni inapostahili ada yake. Kati ya vijiji viwili vyovyote vya Médoc, yaani upande wa magharibi wa mlango huo wa mto, kuna barabara inayojulikana na wote, na kuna nyingine moja au mbili zinazotumiwa na wakulima. Ile inayojulikana ni D2, inayopita Margaux, Saint-Julien na Pauillac, na ambayo watalii huiita barabara ya mashato, kwa kuwa shato katika eneo hilo ni shamba la mizabibu lenye jumba lake na ghala lake la mvinyo. Mandhari yake ni mazuri sana, lakini ina mabasi ya watalii, magari yanayobeba chupa na mapipa, na watu wanaowahi kazini. Njia tuliyopewa iliigusa D2 pale tu ilipolazimu kuivuka au kuifuata kwa mita chache, kisha ikarejea katika vijia vya lami nyembamba kati ya mistari ya mizabibu, ambako kwa muda mrefu hakukusikika kitu isipokuwa mnyororo, ndege, na trekta moja la mbali. Matrekta ya huko yana miguu mirefu, hata yanaweza kupita juu ya mstari wa mizabibu na kuuacha salama katikati ya magurudumu, na kuyaona yakifanya kazi ni jambo ambalo mkulima yeyote wa kwetu angesimama kulitazama.

Aliyechora njia hiyo ni mtu aliyeipanda mwenyewe kwa baiskeli, na hilo linaonekana katika mambo madogo. Kona ya kuingia kijijini imewekwa upande wenye kivuli; kisima cha maji ya kunywa kimeandikwa; mahali ambapo changarawe inaanza pametajwa mapema, ili mwenye tairi nyembamba azunguke. Kwenye makutano mengi kuna pia vibao vya serikali vyenye alama ya baiskeli, kwa hiyo hata simu ikizimika mtu hapotei kwa urahisi.

Sheria nayo inasaidia. Nchini Ufaransa dereva anayempita mpanda baiskeli anatakiwa kuacha nafasi isiyopungua mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji, na tangu mwaka 2015 anaruhusiwa hata kuuvuka mstari usiokatika wa katikati ya barabara ili aipate nafasi hiyo, mradi anaona mbele vizuri. Asipoipata, hungoja. Nilisafiri na mwalimu mstaafu kutoka Rungwe, ambaye amepanda baiskeli tangu ujana wake kati ya Tukuyu na Kyela, na siku ya kwanza lori la kubebea mbao lilipotufuata polepole kwenye kona ndefu bila kupiga honi, aligeuka akaniuliza, “Mwanangu, huyu anatungoja sisi?” Nikamjibu, “Ndiyo, Mwalimu, anatungoja sisi.” Si kila dereva anaitii sheria hiyo, na karibu na Bordeaux jioni, watu wanapokimbilia nyumbani, wapo waliotupita karibu kuliko inavyotakiwa, lakini vijijini tuliiona ikifuatwa kwa kiwango kilichonifanya niione kuwa sehemu ya huduma, kama breki na gia. Mpanda baiskeli naye anabanwa: usiku nje ya mji lazima avae kizibao kinachoakisi mwanga, na kiwango cha kileo kinachokatazwa kwa dereva wa gari, gramu 0.5 kwa lita ya damu, kinamhusu yeye pia, jambo ambalo anayepanga kuonja mvinyo katika kila shato analopita anapaswa kulijua kabla hajapanda tena.

Kipande kingine cha njia kilichonifurahisha kimejengwa juu ya reli ya zamani. Kinaanzia Bordeaux na kuelekea mashariki kupitia Créon hadi Sauveterre-de-Guyenne, kilometa zaidi ya 50, na hakuna gari hata moja linaloruhusiwa humo. Kimepewa jina la Roger Lapébie, aliyeshinda mashindano ya Tour de France mwaka 1937. Kwa kuwa garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, wajenzi wa reli walilazimika kukata vilima na kujaza mabonde, na faida ya kazi yao sasa inamwangukia mpanda baiskeli, ambaye hupanda bila kuhisi kwamba anapanda. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, akaona jinsi reli inavyozunguka milima kwa mahandaki na madaraja, ataelewa mara moja ninachokisema. Karibu na La Sauve-Majeure, ambako kuna magofu ya abasia iliyoanzishwa mwaka 1079, njia inaingia katika handaki fupi lenye ubaridi, na stesheni za zamani njiani zimegeuzwa kuwa mahali pa kupumzika, kujaza maji na kula. Kwa mtu anayeanza, au anayesafiri na mtoto, hiki ndicho kipande cha kumpa kwanza.

Mlango wa mto wenyewe unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu sisi wa bara tumezoea mto unaoteremka upande mmoja. Mito ya Garonne na Dordogne hukutana mahali paitwapo Bec d'Ambès, na kuanzia hapo maji huitwa Gironde kwa kilometa zipatazo 75 hadi bahari ya Atlantiki, yakipanuka karibu na mwisho wake hadi upana wa kilometa zipatazo 12. Bahari ikijaa, maji hurudi nyuma kuelekea bara. Bahari ikipwa, huondoka tena, na hali hiyo hujirudia mara mbili kwa siku. Rangi yake ni ya kahawia kwa sababu ya tope linalosukumwa huku na huku bila kutulia. Katika vijito vinavyoingia humo kuna bandari ndogo ambazo asubuhi boti zake zimelala juu ya matope na mchana zinaelea, na kandokando ya ukingo vimesimama vibanda vya mbao juu ya nguzo ndefu, kila kimoja na wavu wa mraba unaoshushwa majini kwa kapi na kupandishwa tena. Mwalimu, ambaye anawajua wavuvi wa Matema tangu utoto, alikaa kwenye ukingo mmoja akitazama wavu huo ukipanda na kushuka kwa muda mrefu kuliko tulivyokaa katika shato lolote, na sikuona sababu ya kumharakisha.

Barabara kati ya Bourg na Blaye, upande wa mashariki, inapita chini ya jabali la chokaa, nyumba zikiwa zimeegemea mwamba na bustani zake zikiwa ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa maji. Magari ni machache na mwendo wake ni wa chini kwa kuwa barabara yenyewe ni nyembamba. Kama ningelazimika kuchagua nusu siku moja tu ya safari nzima, ningechagua hapo. Mwisho wake ni ngome ya Blaye, iliyojengwa kati ya mwaka 1685 na 1689 chini ya Vauban, mhandisi wa ngome wa mfalme Louis wa 14, na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mizinga ya wakati ule haikuweza kufika ng'ambo, kwa hiyo ikaongezwa ngome ndogo kisiwani katikati ya maji na nyingine, Fort Médoc, ukingo wa pili, ili meli isipite bila kufikiwa na mzinga wa upande wowote. Anayevuka kwa kivuko kutoka Blaye kwenda Lamarque huziona zote tatu kwa macho yake, na anapofika ng'ambo Fort Médoc iko karibu sana na njia.

Kivuko hicho, pamoja na kile cha Le Verdon na Royan karibu na bahari, ndivyo vinavyoifanya safari iwe mzunguko, kwa sababu hakuna daraja linalovuka Gironde popote. Baiskeli hupokelewa bila wasiwasi, uvukaji huchukua chini ya nusu saa, na katika kivuko cha Royan siku yenye anga safi huonekana mnara wa taa wa Cordouan, uliokamilishwa mwaka 1611, ukiwa umesimama peke yake baharini. Hapa nina lawama ya kwanza kwa kampuni tuliyoitumia: njia ilipangwa kana kwamba kivuko hupatikana wakati wote, ilhali nje ya majira ya kiangazi safari zake hupungua sana, na ratiba haikuwa katika karatasi tulizopewa. Tulingoja Blaye hadi alasiri, na siku ile ikawa fupi bila sababu. Anayelipia huduma iliyopangwa ana haki ya kupewa ratiba ya kivuko.

Kuhusu mizabibu, wengi wetu tunaijua kwa Dodoma, ambako ardhi na jua ni vya namna nyingine kabisa. Médoc ni nchi ya chini, vilima vyake havifiki hata mita 50 juu ya usawa wa bahari, na ardhi yake bora inaonekana kwa macho kuwa mbaya, kwa kuwa ni changarawe tupu. Changarawe hiyo hupitisha maji haraka na kutunza joto la mchana, na ukaribu wa maji mengi hupunguza makali ya baridi, ndiyo maana wakulima wa huko husema kwamba mizabibu bora ni ile inayouona mto. Kwa mpanda baiskeli maana yake ni kwamba barabara tulivu ya kando ya maji inapita pia katika ardhi ya thamani kubwa kuliko zote. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonesho makubwa ya Paris, mashamba ya Médoc yalipangwa katika madaraja matano, na mpangilio huo haujabadilika kwa lolote kubwa isipokuwa mwaka 1973, Château Mouton Rothschild ilipopandishwa hadi daraja la kwanza. Mashamba hayo makubwa hayafunguliwi kwa mpita njia; ni lazima kuomba nafasi mapema, na kampuni ilitufanyia hilo vizuri katika shamba dogo la Saint-Estèphe, ambako mwenye shamba alitutembeza mwenyewe na kumpatia Mwalimu, asiyekunywa pombe, maji ya zabibu.

Kuna kisa kimoja cha Saint-Julien ambacho naona kila mkulima wa kwetu angependa kukisikia. Katika miaka ya 1880 ugonjwa mpya wa ukungu wa majani kutoka Marekani ulikuwa unaiangamiza mizabibu ya Ufaransa. Wakulima wa huko walikuwa na desturi ya kunyunyizia mistari iliyo kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu, yaani chumvi ya shaba, na chokaa, ili majani yaonekane yana sumu na wapita njia wasichume zabibu. Alexis Millardet, profesa wa mimea wa Bordeaux, aligundua kwamba ni mistari hiyo ya kando ya barabara iliyobaki na majani yake, akafanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza dawa ambayo bado inatumika. Wakulima wa kahawa wa Mbozi na wa viazi wa Njombe wanazifahamu dawa za jamii hiyo ya shaba. Unyunyiziaji unaendelea hadi leo, na hapa nina lawama ya pili: hakuna aliyetutahadharisha kwamba Mei na Juni ni miezi ya kunyunyizia. Ukiona trekta limezungukwa na ukungu mweupe mbele yako, simama upande unaotoka upepo, lingoje limalize mstari wake, kisha upite.

Baiskeli zenyewe zilikuwa nzuri na hazihitaji maneno mengi: gia zilikubali bila kusita, breki za diski, kifuko chenye tyubu, pampu na bisibisi. Ya umeme hutozwa zaidi, na kwa mtu aliyezoea kupanda kutoka Kyela kuja Tukuyu ni fedha ya bure, kwa kuwa mlima hakuna. Kilichopo ni upepo, ambao kwa kawaida hutoka baharini, na tulipokuwa tunaelekea kaskazini kwenda Le Verdon ulitupiga usoni mchana kutwa.

Malazi yalikuwa safi na wenyeji wakarimu. Ukiingia popote, dukani au kwa mwokaji mikate, salimia kwanza kabla ya kueleza shida yako. Anayeanza na swali huonekana hana adabu, na mtu aliyelelewa Iringa au Rungwe hatapata taabu yoyote katika hilo. Taabu iko katika chakula cha mchana. Migahawa ya vijijini hupika kati ya saa sita na saa nane, na ikipita hapo jiko limefungwa hadi usiku; Jumapili alasiri na Jumatatu hata duka la mkate linaweza kuwa limefungwa. Beba ndizi na mkate kila siku. Ukiwahi, kondoo wa Pauillac ni nyama laini sana, na keki ndogo za kanele, zenye ganda lililoungua kidogo kwa sukari, zinafaa mno mfukoni mwa mpanda baiskeli. Gari la mizigo, kwa upande wake, lilichelewa zaidi ya mara moja, na Mwalimu alikula chakula cha jioni akiwa bado na nguo za barabarani, jambo ambalo kwa mtu wa rika lake halikunipendeza hata kidogo.

Kwa uzuri wa nchi peke yake, sitasema kwamba Médoc inaishinda Mufindi. Barabara za mashamba ya chai kati ya Mafinga na vijiji vya kusini yake, vichaka vikiwa vimekatwa usawa mmoja hadi ukingoni mwa msitu, au mteremko wa Rungwe kupitia migomba na parachichi hadi maji ya Ziwa Nyasa yanapoonekana, ni mandhari ambayo Mfaransa angelipia. Kinachokosekana kwetu ni mtu aliyekaa akachora njia ya kuikwepa barabara kuu, akaandika mahali pa maji, akapatana na wenye mashamba na wenye nyumba za wageni, na kusimika vibao kwenye makutano. Baadhi ya vijana wa Tukuyu wenye baiskeli na simu tayari wanazijua njia hizo kichwani. Tofauti kati yao na kampuni ya Bordeaux ni karatasi, mapatano na vibao.

Anayetaka kwenda aombe viza ya Schengen mapema, akiwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, kwa kuwa bila hiyo ombi halipokelewi. Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na Septemba ndiyo majira ya mavuno, watu wakiwa wengi mashambani. Julai na Agosti joto ni kali na barabara za kwenda ufukweni hujaa magari. Ningelipia huduma hii tena, ila kwa masharti matatu: ningekataa baiskeli ya umeme, ningedai ratiba za vivuko kwa maandishi kabla ya kulipa, na ningeomba njia ipinduliwe, yaani kwenda kwanza Royan kwa treni kupitia Saintes, ambayo hubeba baiskeli, kisha kushuka kuelekea Bordeaux upepo ukiwa mgongoni.